Bawaba

Bomba ni la chuma, inchi moja na nusu.
Chedego wa Majengo alilichomelea ukutani
juu ya vipande vitatu vya nondo,
na bado linanuka moto.
Tunalishika kwa ncha za vidole.
"Hiyo si kamba ya kisima," anasema Mwalimu Ndahani.
"Usivute. Gusa tu,
kama anayepima joto la uji wa mtoto."

Jumanne, saa kumi na moja na nusu, ukumbi wa Makole.
Nimeshuka kutoka Mtumba, ghorofa ya tatu,
saruji ingali chini ya kucha,
viatu laini nimevificha mfukoni, chini ya mwiko.
Mbele yangu wamepangana watoto wa miaka minane.
Wananiita shangazi.
Migongo yao haijawahi kubeba hata debe.

"Visigino pamoja. Vidole vitazame nje."
Nikaifungua miguu kama mishale ya saa,
nikaisukuma mpaka saa tatu na robo kamili,
nikajiona mrembo kwenye kioo kilichopasuka.
Goti likalalamika.
Mwalimu akachuchumaa, akaikamata miguu yangu
kama anayerudisha vyombo vya watu.
"Umekopa kwenye goti," akasema,
"na goti halisamehe deni.
Niambie, mlango unageukia wapi?"

Nikajibu: kwenye kitasa.

Watoto wakacheka, hata kile kimya kiitwacho Nyemo.
Na mimi ndiye niliyepachika fremu arobaini
mwaka huu pekee!
Akabonyeza pembeni mwa nyonga, ndani kabisa,
mahali nilipodhani pana mfupa tu na uchovu.
"Bawaba iko hapa. Mguu ni ubao,
ubao hufuata."
Nikageuza kutoka pale. Polepole.
Miguu ikasimama saa tano na dakika tano.
Pembe ndogo, ya aibu,
lakini yangu.

Timazi naijua.
Uzi, risasi, na ukuta unaokiri wenyewe.
Leo ukuta ni mimi,
na uzi unashuka kutoka sikioni
ukitafuta bega, ukitafuta nyonga, ukitafuta kifundo,
haukuti kitu mahali pake:
kifua kimetangulia kama jogoo aliyeona mtama,
makalio yamebaki nyuma kungoja gari jingine.
Kazini ningebomoa kozi mbili.
Hapa hakuna kubomoa.
"Pumua. Refuka. Tena."
Vumbi la Julai linapenya kwenye luva,
linatua juu ya bomba,
na vidole vyetu vinaandika ndani yake.

Kule Mvumi, ngoma ya muheme huibebi mikononi.
Unaibana kwa mapaja, magoti yakikaza,
na mama yangu alinipiga kikofi kwenye paja
kila ngoma ilipoteleza.
Miaka thelathini mapaja haya yamefunzwa kufunga.
Sasa naambiwa: fungua,
na usiachie nguvu.
Jumapili nikampigia simu, nikamweleza
kama anayekiri amebadili kanisa.
Akanyamaza. Nilisikia kuku wake.
"Na mgongo?" akauliza.
Umenyooka, mama.
"Basi ni muheme uleule.
Wameiondoa ngoma tu hapo katikati."

Tunakunja magoti. Chini, chini,
visigino vikiwa na mizizi sakafuni.
Nyonga ya kushoto ina kutu, haitaki,
naisubiri kama ninavyosubiri zege likauke.
Paja linatetemeka. Silifichi.
Tunapanda. Mtu anapiga chafya.

Nyemo anageuka, ingawa haturuhusiwi kugeuka,
ananitazama kuanzia chini kwenda juu
kwa jicho la mkaguzi wa manispaa.
"Shangazi," ananong'ona,
"leo goti lako linaangalia kidole."

Upande mwingine, mwalimu anasema.
Tunageuka, mkono wa kulia unaliachia bomba,
wa kushoto unalitafuta.